Ndoo ya Ghorofa ya Nne

Nilikataa mara tatu. Mara ya kwanza walikuja wasichana wawili na daftari jipya, nikawaambia mimi ni mtu wa kuchoma taka, si mtu wa kuandika vitabu. Mara ya pili wakaja na kalamu mbili, moja ya akiba, utadhani shida yangu ni wino. Mara ya tatu wakaja wanne, wakakaa kwenye ngazi ya saruji mbele ya tanuri langu, wakaniziba njia na mimi nina ndoo zimejaa. "Bibi, tunatengeneza kitabu cha watu wa bweni. Mpishi ameandika. Mlinzi ameandika. Umebaki wewe tu." Mlinzi ameandika! Yule akiandika namba ya gari getini, inabidi gari lirudi lisomwe upya. Nikaona hapo sasa ni aibu.

Shule nilisoma madarasa matatu, la nne nililiona dirishani. Naandika polepole na mstari wangu unapanda mlima, kwa hiyo usinitafutie makosa. Ukiyapata yaweke mfukoni. Na maisha yangu siandiki. Maisha yangu ni moshi wa miaka ishirini na sita, ndiyo maana mnaniita Bibi Moshi mkidhani sisikii. Nitaandika ya mwenzenu, yule mliyekuwa mkimwita Bi Pumzi. Ruhusa nimemwomba. Nimemsomea yote, akasahihisha maneno sita, nikakubali manne. Kuna jambo moja aliniambia nilitoe, nimelitoa. Msiniulize.

Kwa asiyekaa hapa, bweni hili ni la wasichana wa chuo kikuu, lina ghorofa nne. Kila choo kina ndoo nyekundu yenye kifuniko, ndimo wanamotupa pedi walizotumia, zimefungwa kwenye gazeti au mfuko. Jumatatu na Alhamisi napanda na ndoo tupu, nashuka na zilizojaa, nazipeleka nyuma ya jengo kwenye tanuri la matofali. Nachoma mpaka ziwe majivu, nachota majivu, nafukia. Lifti hakuna. Ahadi ya lifti ilikuwepo.

Vifurushi vya watu sifungui. Hilo nililiapa siku ya kwanza. Lakini mkono ukishazoea kazi unajua. Nikiinua ndoo tu, naweza kukwambia choo hicho kinatumiwa na wasichana wangapi na kama wiki hiyo wengi wao wako mwezini. Mkono huo ndio ulionipa sifa. Mwaka mmoja zamani ndoo ya ghorofa ya pili ilikuwa inalemea kuliko idadi ya waliomo. Nikaenda kwa matroni, mama anayesimamia bweni, nikamwambia huko juu kuna watu hawajaandikishwa. Maana wasichana wana mtindo wao wanauita kubebana: mwenye kitanda anamlaza rafiki yake aliyekosa nafasi, wawili godoro moja, muhula mzima. Kanuni zinakataza. Matroni akapekua, akakuta watano. Watano! Mmoja alikuwa ndani ya kabati amekalia viatu. Tangu siku hiyo matroni akawa anasema mbele za watu, "Ndoo za huyu bibi hazidanganyi." Na mimi, Mungu anisamehe, nilipenda kulisikia hilo.

Sasa Bi Pumzi. Alikuwa mwaka wa tatu, wa mwisho, anasomea upimaji wa ardhi. Ni wale mnaowaona uwanjani na miguu mitatu ya chuma, mmoja anachungulia kwenye chombo na mwingine yuko kule mbali ameshika fimbo yenye namba. Darasa lao lilikuwa na wanaume thelathini na wawili na wasichana wawili. Mrefu, mwembamba, viatu vikubwa vya shambani, maneno ya taratibu. Akianza sentensi unaweza kwenda kuteka maji, ukarudi ukaikuta bado iko njiani. Alilelewa na shangazi yake, na shangazi huyo alikuwa ameshawatangazia majirani wote mwezi wa mahafali.

Alikaa ghorofa ya nne, chumba cha mwisho. Jina alipewa na mwenzake wa kitanda cha juu, binti mmoja mwenye mdomo, sisi tunamwita Redio. Maana kila akipanda, pale ngazi inapokata kona, Bi Pumzi alikuwa anakaa chini. Kona ya kwanza anakaa, ya pili anakaa, ya tatu anakaa muda mrefu. Redio anapita mbio anamruka miguu: "Bi Pumzi, nikuletee chakula hapo hapo, au mwaka huu utafika?" Wote wanacheka. Yeye mwenyewe anacheka. Na mimi nilicheka.

Siku moja nilimkuta kona ya tatu ameegemea ukuta, midomo imempauka. Nina ndoo mbili, moja kila mkono, na magoti yangu mnayajua.

"Binti, sogea. Mimi na uzee wangu napanda, wewe na ujana wako umekaa."

"Bibi, nipe dakika moja nivute pumzi."

"Vuta. Hiyo haina foleni."

Akasogea. Nilipompita akaniita.

"Bibi, samahani. Ulipokuwa msichana, siku zako zilikuwa ngapi?"

"Siku za nini? Za kazi?"

"Za mwezini, Bibi."

"Tano. Nne na nusu. Na nilikuwa nalima."

"Na mtu zikimzidi?"

Ndoo zilikuwa zinanikata vidole. Nikamwambia lile nililoambiwa na mama yangu, na yeye aliambiwa na mama yake. "Akizaa zitatulia." Nikaendelea kupanda. Hakuniuliza tena. Baadaye ndipo nilijua kwamba zahanati ya chuo ilikuwa imemwambia hayo hayo wiki iliyotangulia, wakampa na vidonge vya maumivu. Mimi hata kidonge sikumpa.

Muhula ule ndoo ya choo cha mwisho, ghorofa ya nne, ilianza kulemea. Choo hicho kinatumiwa na vyumba viwili, wasichana sita. Ndoo ya watu sita naijua kama uzito wa mjukuu wangu. Hii ilikuwa ya watu kumi, wiki nyingine kumi na mmoja. Na haikupumzika. Ndoo ya kawaida ina wiki nzito na wiki nyepesi, kama mtu anayepumua. Hii ilikuwa nzito Jumatatu, nzito Alhamisi, mwezi umeisha, mwezi umeanza, nzito vile vile. Mtu mwenye akili zake angejiuliza. Mimi sikuwa na haja ya kujiuliza, nilikuwa na jibu mkononi tangu mwaka ule wa watano.

Nikashuka kwa matroni. "Wanabebana huko juu," nikasema. "Wanne au watano."

"Una uhakika?"

"Mama, umewahi kunikuta nimekosea?"

Jumapili asubuhi, watu wanafua nguo, matroni akapanda na walinzi wawili, mimi nyuma yao. Wakafungua makabati, wakainua magodoro, wakahesabu miswaki. Miswaki sita. Wakahesabu sahani, taulo, jozi za ndala. Sita, sita, sita. Wasichana wamesimama ukutani na nguo zao za kulalia. Matroni akakasirika, maana alikuwa amepanda ghorofa nne kwa ajili ya kitu.

"Basi ndoo hii anaijaza nani?" akauliza kwa sauti, watu wa ghorofa nzima wamejaa mlangoni. "Mapepo?"

"Labda Bibi Moshi mikono imezeeka," akasema Redio.

Watu wakaangua kicheko. Nikamjibu kwamba mikono yangu imeanza kazi mama yake hajaota meno. Bi Pumzi hakucheka. Alikuwa anatazama viatu vyake. Nilimwona, nikadhani ndiye aliyewaficha hao wageni.

Wote sita wakaandikiwa barua ya onyo, kwamba wanatiliwa shaka ya kuficha watu, na wakirudia watatolewa bweni. Alhamisi ile nilipoinua ndoo, ilikuwa nyepesi. Ya watu watano, tena wa wiki nyepesi. Nikaenda kwa matroni nikamwambia, "Umeona? Wamewatoa." Akasema bibi wewe kiboko. Wiki tatu nikatembea humu kama jengo ni langu.

Wiki ya nne, Jumanne mchana, natoka kula, nikakuta mlango wa chuma wa tanuri uko wazi. Bi Pumzi amechuchumaa mbele yake na ule mkoba wake wa uwanjani. Anachana kurasa za daftari zilizojaa namba, anajaribu kuwasha. Kiberiti kinazima, anawasha kingine.

"Nani kakuruhusu kugusa tanuri langu?"

Akaruka. Kisha akashika ukuta, maana kuruka kwenyewe kulimmaliza.

"Nachoma takataka zangu, Bibi."

"Takataka zina ndoo yake huko juu."

"Ndoo inahesabiwa."

Hapo nikatazama mkoba. Ndani mna mfuko mweusi, umejaa mpaka zipu haifungi. Mimi sifungui vifurushi, lakini huo niliunyanyua. Ilikuwa ndoo nzima.

"Za watu wangapi hizi?"

"Zangu."

"Wewe na nani?"

"Mimi na mimi, Bibi."

"Za mwezi mzima?"

"Tangu Ijumaa."

Nilikaa kwenye ngazi ya saruji. Nikamwambia na yeye akae, nikawasha tanuri mwenyewe kwa mafuta yangu, nikauweka ule mfuko, nikafunga mlango. Tukangoja ushike moto.

Ndipo akanieleza, kwa ule ulimi wake wa taratibu. Ilianza mwaka wa pili. Siku kumi na tisa anatoka, siku nne anapumzika, anaanza tena. Kuna mara moja ilifika arobaini. Anavaa pedi mbili, na suruali mbili nyeusi juu yake, jua linawaka. Baada ya ule upekuzi akaona ndoo itamtaja, akawa anajaza mkoba, anatembea nao uwanjani siku nzima, anautupa kwenye mapipa ya nje ya chuo. Siku hiyo mfagizi wa barabara alimfukuza.

"Kwa nini hukusema Jumapili ile? Matroni alikuuliza."

"Aliuliza mbele ya watu sitini, Bibi."

Nikamvuta kope ya chini kwa kidole. Ndani kulikuwa kweupe kama ndani ya ganda la yai.

"Kesho Jumatano," nikasema. "Kliniki ya wanawake hospitali kubwa ni Jumatano. Nakupeleka."

"Siwezi."

Kisa chenyewe ni hiki. Walikuwa kwenye mafunzo ya uwanjani, wiki sita, na kanuni yao inasema anayekosa siku nne hata iweje anarudia mwaka. Yeye alikuwa ameshakosa tatu. Moja alishindwa kushuka kitandani. Moja suruali ilichafuka mbele ya wanaume, akarudi kubadilisha, majina yakaitwa hayupo. Moja iliishia kwenye foleni ya zahanati, aliporudi kuomba vidonge. Zilibaki siku tisa mafunzo yaishe.

"Siku tisa tu, Bibi. Nikizimaliza nitakwenda hospitali hata nilale huko mwezi. Mwaka wangu siuachi."

Akabeba mkoba wake mtupu akarudi uwanjani. Mimi sikubishana naye. Mimi huwa sibishani, nafanya. Nikavua glavu nikamfuata.

Mwalimu wao wanamwita Bwana Mita, mtu wa makamo, kofia pana, kalamu tatu mfukoni. Alikuwa kando ya uwanja na karatasi yake ya mahudhurio kwenye kibao.

"Shikamoo, mama." Adabu anayo.

"Marahaba. Nina neno na ni la wanawake, kwa hiyo vumilia. Yule binti wa fimbo anatoka damu siku kumi na tisa kila mwezi. Kesho nampeleka hospitali. Usimwandike hayupo."

Masikio yakamwiva. Akapanga kalamu zake upya.

"Mama, siwezi kuandika yupo na hayupo."

"Andika anaumwa."

"Kwenye karatasi kuna nafasi mbili tu. Yupo na hayupo."

"Chora ya tatu. Si una rula?"

"Akileta barua ya daktari, kamati itaitazama."

"Lini?"

"Mwisho wa muhula."

"Na wewe ukiugua?"

"Mimi nina likizo ya ugonjwa," akasema. Alisema bila ubaya wowote, kisha akajisikia mwenyewe. Hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Alitembea mpaka kwa Bi Pumzi, akampokonya fimbo, akamkalisha kivulini, akampa kazi ya kuandika namba zinazosomwa. Aliona amemsaidia.

Jioni binti akanijia kwa hasira.

"Umenivua nguo mbele ya darasa."

"Darasa halikusikia kitu."

"Waliona masikio yake, Bibi! Wanaume thelathini na wawili wanajua kusoma masikio."

Alikuwa na haki. Akasimama hapo muda, hasira ikawa inamtoka kidogo kidogo kama maji kwenye gunia, kisha akakaa. Akaniambia kilichotokea pale kivulini. Wenzake walikuwa wanasoma namba, yeye anaandika, na namba zilikuwa zinaogelea. Namba moja kaiandika mara tatu, mstari mmoja kauruka. Walipojumlisha jioni, uwanja ule tambarare ukaonekana kwenye karatasi una shimo la kuzamisha nyumba. Kundi zima likaambiwa kazi ya siku hiyo irudiwe. Hakuna aliyemgombeza. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Siku tisa siziwezi," akasema. "Hata nikikaa siziwezi. Kesho saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili getini. Na uje umekula."

Hospitali kubwa ina benchi refu la mbao, limechongwa majina na waliosubiri kabla yetu. Tulikaa tangu asubuhi mpaka jua la utosi. Kila akiitwa mtu tunasogea nafasi moja, na kila tukisogea Bi Pumzi anageuka kutazama alipokuwa amekaa, kama kuna doa. Nikamvulia khanga yangu nikaitandika chini yake, nikamwambia hilo sasa ni tatizo la khanga.

Nesi mwenye fomu akamuuliza, "Siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho?"

"Ya mwisho haijaisha, dada. Na siku ya kwanza siikumbuki."

Nesi akainua macho, kisha akaandika kitu kirefu.

Daktari alikuwa mwanamke, kijana, viatu vya mpira. Akamwangalia binti, akaniangalia mimi.

"Wewe ni nani wake, mama? Bibi yake?"

"Mimi ndiye ninayechoma."

Ikabidi nieleze. Nikamweleza ndoo zote, wiki kwa wiki, tangu chuo kufunguliwa: hii ya watu kumi, hii kumi na mmoja, hii haikushuka, hii ilishuka ghafla na kwa nini ilishuka. Yeye anaandika tu. Akasema hakuna mgonjwa aliyewahi kumletea hesabu kama hiyo, ningefaa kuwa daktari.

"Ningekuwa daktari mbaya," nikamwambia. "Hesabu niliipata tangu mwanzo, nikampelekea matroni."

Damu walipompima ilikuwa tano, wakati inatakiwa kumi na mbili. Daktari akasema mtu wa tano hapandi ghorofa nne, mtu wa tano anabebwa. Wakamlaza siku ile ile, wakamwongezea damu ya watu wawili nisiowajua, Mungu awape afya. Nikampigia shangazi yake simu kwa simu ya binti.

"Ni mimba?" ndilo neno lake la kwanza.

"Hapana."

"Imetoka?"

"Hakukuwa na mimba, dada yangu."

"Sasa anatoka damu ya nini?"

"Ndicho wanachotafuta."

Akasema, kwa sauti nyingine kabisa, "Hata mimi nilikuwa hivyo." Miaka yote amemlea, hakuwahi kumwambia.

Walimpiga picha ya tumbo, wakampima mkojo na damu mara ya pili. Daktari alinieleza nami naeleza nilivyoelewa. Kila mwezi yai linatakiwa likomae litoke, likitoka ndilo linaloupa mwili amri kwamba sasa yatosha. Kwake mayai yalikuwa hayatoki. Amri haiji. Ukuta wa ndani wa mji wa mimba unajengeka tu, unajengeka, halafu unamomoka ovyo bila tarehe. Akasema wako wengi, wengine kwao inakuwa kinyume, hawaoni kitu miezi mitano. Kuna sababu nyingi, ya kila mtu itafutwe. Akasema na kusubiri kuzaa si dawa. Hapo alinitazama mimi, au niliona hivyo. Akampa vidonge vya kupanga mzunguko na vya kuongeza damu, akaandika barua nzuri, ina mhuri.

Alilazwa siku nne. Siku za uwanjani alizokosa zikafika saba.

Nilikuwa nampelekea nguo, na Redio akaanza kunifuata. Siku ya kwanza hakusema neno njia nzima, nikadhani anaumwa. Kule wodini akamkalia kitandani, akamwambia, "Wewe mjinga. Tunalala chumba kimoja." Bi Pumzi akamjibu, "Ungetangaza." Redio akasema, "Ningetangaza, ndiyo," akalia kwa kelele mpaka nesi akamtoa.

Na baada ya hapo wakaanza kunijia, ndiyo maana leo tanuri langu limekuwa kijiwe. Mmoja wa chumba cha pili, miezi mitano hajaona kitu na ameshapima mimba mara nne, wakati mwanaume hana. Mmoja akianza anatapika, anameza vidonge vya maumivu mpaka masikio yanavuma, kisha anaingia kwenye mtihani. Mmoja anaona mara mbili kwa mwezi na anadhani wote wako hivyo. Wanakaa hapo kwenye ngazi na kila mmoja anaanza na neno lile lile, "Bibi, labda ni kawaida, lakini..." Mimi sina dawa. Nawauliza siku ngapi, kisha nawaambia Jumatano saa kumi na mbili getini. Nimechoka. Benchi lile sasa nalijua kuliko kitanda changu.

Kamati ilikaa mwisho wa muhula kama alivyosema Bwana Mita. Barua ya daktari waliisoma, wakasema ni ya kweli na wanampa pole. Kisha wakasema kanuni inahesabu siku, haihesabu sababu. Siku saba ni zaidi ya nne. Arudie mwaka.

Alikuja kuniambia mwenyewe. Nilikuwa nachota majivu. Nikamtukania kamati hiyo mpaka nikaishiwa, akanisikiliza, akasema, "Bibi, nimechoka hata kukasirika." Akachukua koleo la pili tukachota wote. Kama ningepanda ngazi zile na kumuuliza yeye siku ndoo ilipoanza kulemea, badala ya kukimbilia kwa matroni, ingekuwa wiki nane mapema. Mafunzo yalikuwa hayajaanza. Angelazwa, angepona, angekwenda uwanjani na wenzake. Hilo nalijua, na yeye analijua. Hajalisema. Na mimi samahani sikumwomba, mdomo wangu hauna njia hiyo. Nilichofanya nilikwenda kwa matroni nikamwambia nafuta maneno yangu, azitoe zile barua sita za onyo. Akasema hayo yamepita. Nikakaa kwenye kiti chake cha wageni na nguo zangu za tanuri. Saa tatu akafungua dirisha. Saa nne akafungua la pili. Saa tano akafungua kabati akanipa barua zote sita.

Wenzake wamevaa majoho, wamepigwa picha, wameondoka. Yeye yuko mwaka wa tatu tena na watoto waliozaliwa nyuma yake. Siku zake ni sita, mwezi mwingine saba. Kuna mwezi hazikuja kabisa, akaogopa, akarudi hospitali. Hajapona, anatibiwa. Shangazi ilibidi awazungukie majirani nyumba kwa nyumba kubadilisha tarehe, na safari hii alisema sababu.

Haya, nimeandika. Mkono unauma na nusu ya daftari imeisha. Sasa zamu yenu. Kwenye mlango wa tanuri nimebandika karatasi, ameiandika Redio kwa sababu mwandiko wake unasomeka. Inaomba jambo moja kwa wakuu wa chuo: siku ya hospitali yenye barua ya daktari isihesabiwe siku ya kukosa. Imeshapata sahihi arobaini na moja, na bweni lina watu mia mbili na sitini. Wewe uliyesoma mpaka hapa kwa starehe zako, funga kitabu, shuka, weka jina lako kamili na sahihi yako. La utani sitaki. Mwanaume ukikishika kitabu hiki, na wewe saini, masikio yatapoa. Kalamu nimeifunga kwa uzi. Na uje mwenyewe, sipandi ghorofa kufuata sahihi ya mtu.